Flashi, daftari na virusi: tulichojifunza Kuluva

Juzi flashi ya kikundi chetu ilituletea shida, na shida yenyewe imeturudisha kwenye historia ya hapa hapa tunapokaa.

Tuliichomeka tukakuta kila folda ina mshale mdogo pembeni. Ukibonyeza, folda inafunguka kama kawaida, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Kumbe kila ukibonyeza, unaingiza virusi kwenye kompyuta. Mafaili yetu hayakufutwa, yalifichwa tu. Lakini ndani mlikuwa na vyeti vya wenzetu, barua za kuomba kazi na orodha ya familia na namba zao za simu. Wengine kwenye orodha ile hawataki kabisa ijulikane wako wapi. Flashi ilipita kwa nani? Tukabaki kuangaliana.

Swali hilo hilo liliwahi kuulizwa hapa Kuluva, ila kuhusu virusi vya mwili. Miaka ya 1960 daktari Ted Williams wa hospitali ya Kuluva alikuwa anaandika habari za watoto waliokuja na uvimbe mkubwa wa taya: mtoto anatoka wapi, ugonjwa ulianza lini. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari na daktari Denis Burkitt wa Mulago, na mwenzao Cliff Nelson, wakizunguka Afrika Mashariki hadi kusini kuuliza hospitalini ugonjwa huo unapatikana wapi na wapi haupo. Mwaka 1964 wanasayansi wa London wakaona kwa darubini virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Na mwaka 1967 kumbukumbu za West Nile zikachapishwa: wagonjwa walioishi karibu karibu, mara nyingi waliugua pia nyakati za karibu. Yaani daftari tu, lenye mahali na tarehe, lilisaidia kufuatilia kitu ambacho macho hayakioni.

Virusi vya kompyuta vilipewa jina hilo miaka ya 1980 kwa sababu vinaenea vivyo hivyo, kwa kupeana. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, walitengeneza kimoja kinachoitwa Brain. Kilisafiri kwenye diski za mkononi, na wenyewe waliandika ndani yake majina yao na namba ya simu! Wa siku hizi hawana adabu hiyo.

Programu za kupeleleza ni kitu kingine. Virusi vya flashi vitajionyesha siku moja, lakini mpelelezi anataka simu yako iendelee vizuri ili asigundulike. Hapa Uganda jambo hili lina jina la Kiswahili. Oktoba 2015 shirika la Privacy International lilitoa ripoti kwamba jeshi na polisi walitumia programu inayoitwa FinFisher katika operesheni ya Fungua Macho, baada ya uchaguzi wa 2011 na maandamano ya kutembea kwenda kazini. Ripoti ilisema mitego iliwekwa kwenye intaneti ya hoteli za Kampala, Entebbe na Masaka. Serikali ilikanusha. Sisi si watu wa siasa, na hatudhani kuna mtu atanunua mtambo wa bei ile kwa ajili yetu. Tunachotaka mwone ni ile hoteli: mtu alikaa, akaunganisha intaneti ya bure, basi.

Kwetu hoteli ni kibanda cha kuchaji simu. Unaiacha hapo mchana kutwa, pengine na namba ya siri umempa kijana akuwekee nyimbo. Huyo kijana hana ubaya, lakini kompyuta yake imechomekewa memori kadi za watu wangapi? Ukimwachia simu, izime kabisa, na kadi utoe. Namba ya siri usitaje. Ukipata kifurushi, kabla ya video sasisha simu kwanza, maana masasisho yanaziba matundu ambayo wapelelezi wanapitia. Na WhatsApp ya rangi nyingine ambayo mtu anakutumia kama faili, usiiweke, hata akikutumia binamu yako.

Flashi tuliisafisha kwa antivirusi, mafaili yaliyofichwa tukayafichua, tukayahamisha, halafu tukaifuta yote. Orodha ya familia haitarudi humo. Wale waliomo tumeanza kuwapigia mmoja mmoja kuwaeleza yaliyotokea, na si simu rahisi kupiga. Mama mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza jina la mtoto wake lilikuwa limeandikwa pia. Lilikuwa limeandikwa.

Sasa flashi ina daftari lake, la kurasa 48. Nani ameichukua, tarehe, kompyuta ya wapi.