Maana na matumizi ya neno la Kiingereza "realizable"

Kivumishi "realizable", ambacho Waingereza wengi hukiandika kwa herufi s badala ya z, kimetokana na kitenzi "realize" na kina maana mbili zisizofaa kuchanganywa. Kwa mpango au lengo, maana yake ni -a kutekelezeka au -a kufikika. Katika uhasibu, ambako ndiko hutumika zaidi, huelezea mali inayoweza kugeuzwa kuwa fedha taslimu, kama vile kiwanja au shehena iliyomo ghalani.

Maana hiyo ya pili ndiyo inayosumbua katika tafsiri. Mfasiri akiandika "thamani halisi" pekee, msomaji atadhani ni bei iliyolipwa wakati wa kununua. Kumbe kinachokusudiwa ni bei ya kuuzia inayokadiriwa, baada ya kuondoa gharama za kukamilisha bidhaa na za kuiuza. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, kinaagiza bidhaa zilizomo ghalani zioneshwe kwa gharama yake au kwa thamani hiyo, ile iliyo ndogo.

Tuseme mfanyabiashara amenunua gunia la mchele kwa shilingi 200,000. Soko limeshuka, sasa ataliuza kwa 190,000, na kulifikisha kwa mnunuzi kutamgharimu 8,000. Vitabu vyake vioneshe 182,000. Akiacha 200,000, anaonesha mali asiyo nayo, na benki itakayomkopesha kwa dhamana ya hesabu hizo itakuwa imepotoshwa. Kwa sababu hiyo, "thamani itakayopatikana kwa mauzo" ni tafsiri salama zaidi, ingawa ni ndefu.