Tabia za kasuku wafugwao

Kasuku wafugwao ni ndege wa oda ya Psittaciformes wanaowekwa nyumbani kwa sababu ya uzuri wao, ucheshi wao au uwezo wao wa kuiga sauti. Tabia zao hutofautiana kwa spishi na hufuata maisha yao ya porini. Takriban wote ni ndege wa kundi, kwa hiyo upweke huwadhuru.

Kasuku-kijivu

Kasuku-kijivu (Psittacus erithacus) anaishi katika misitu ya Afrika hadi Uganda na magharibi mwa Kenya. Ana urefu wa sm 33 hivi na mkia mwekundu. Ni hodari sana wa kuiga maneno. Alex, aliyefundishwa na Irene Pepperberg nchini Marekani tangu 1977 mpaka alipokufa mwaka 2007, aliweza kutaja rangi, maumbo na idadi ya vitu. Hata hivyo kasuku huyu ni mwoga wa vitu vigeni, na mara nyingi humpenda mtu mmoja tu katika nyumba. Akikosa mwenzi na shughuli, huweza kujinyonyoa manyoya mpaka kifua kikabaki kitupu.

Cherero

Cherero (jenasi Agapornis) ni kasuku wadogo wenye mkia mfupi. Spishi mbili zinazofugwa sana duniani, A. fischeri na A. personatus, zina asili ya Tanzania. Dume na jike hukaa wakigusana na kusafishana manyoya. Kwa ndege wengine ni wakali, na huwauma miguu. Hawasemi kwa urahisi.

Bajerigari na kokatieli

Hawa wanatoka sehemu kavu za Australia. Bajerigari (Melopsittacus undulatus) alipelekwa Uingereza akiwa hai na John Gould mwaka 1840. Ni mchangamfu na mpole, na dume hujifunza maneno kuliko jike. Kokatieli (Nymphicus hollandicus) ni mtulivu zaidi na hupiga mluzi. Kishungi chake huonyesha hali yake: kikisimama wima ameshtuka, kikilala bapa huku ndege akitoa sauti kama ya nyoka, ana hofu au hasira.

Kakatua

Kakatua weupe (jenasi Cacatua) hupenda kushikwa na kubembelezwa. Wakinyimwa hupiga kelele kubwa na kupasua mbao kwa mdomo. Kwa kuwa huweza kuishi miaka 40 au zaidi, wengi hubadilishiwa wenyewe mara kadhaa.

Malezi na hifadhi

Spishi haiamui kila kitu. Kinda aliyezoeshwa watu kwa upole huwa mtulivu kuliko ndege mzima aliyenaswa porini. Unasaji huo umepunguza sana kasuku-kijivu na A. fischeri. Mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliamua kumweka kasuku-kijivu katika Kiambatisho cha Kwanza, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya wale walionaswa porini imepigwa marufuku.