Mfano katika Kurasa za Mwongozo wa Kompyuta: Kisa cha Mtandao Pasiwaya

Tarehe 3 Novemba, 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, walitoa toleo la kwanza la mwongozo wa mfumo wa Unix. Kila amri ilipewa ukurasa wake, nao ulifuata vichwa maalumu: jina, muundo wa amri, maelezo, mafaili, na hata kasoro zilizojulikana. (Ni waandishi wachache walio na unyofu wa kuziwekea kasoro zao kichwa cha habari.) Kichwa cha mifano hakikuwamo katika mpango huo. Si ajabu, kwani wasomaji wa kwanza walikuwa wenzao wa kazi. Aliyekwama aliweza kuuliza chumba cha pili.

Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa 4.2BSD, na humo ikatokea amri ya ifconfig, ya kuandaa kadi ya mtandao. Mtu aliandika jina la kadi, kisha anwani yake, basi. Muundo wa amri ulikuwa mfano tosha.

Mambo yalibadilika kilipotolewa kiwango cha 802.11 cha mtandao pasiwaya, mwaka 1997. Waya huchomekwa, redio haina pa kuchomekwa. Ikambidi mtumiaji ataje jina la mtandao na ufunguo wake. Ufunguo wa WEP ulikuwa ama herufi 5 au 13, ama tarakimu 10 au 26 za hesabu ya msingi wa 16. WPA, iliyofuata mwaka 2003, ikaleta nywila ya herufi 8 hadi 63. Maneno haya yote yalifafanuliwa kwa usahihi, lakini aghalabu yalipangwa kialfabeti kama vidahizo vya kamusi, wala alfabeti haimwambii mtu aanze na lipi.

Uzito wa jambo hili niliutambua nilipokuwa nikijaribu tafsiri ya ukurasa mmoja wa namna hiyo. Nilimpa kijana mmoja ausome na kuufuata. Kila istilahi aliielewa, hata hivyo hakufanikiwa kuingia mtandaoni. Nywila ilikuwa na alama ya &, naye aliiandika kama ilivyo. Programu inayopokea amri huihesabu alama hiyo kuwa mwisho wa amri. Basi ikaikata nywila katikati, na kipande kilichosalia ikakidhania kuwa amri nyingine. Dawa yake ni kuizungushia nywila alama za kunukuu. Katika tafsiri yangu neno “nywila” lilikuwa na ufafanuzi wa sentensi tatu, na hapakuwa na mahali hata pamoja ambapo nywila ilionekana imeandikwa. Kwa mfumo wa OpenBSD mstari mmoja ungetosha:

ifconfig iwm0 nwid "Ofisi Kuu" wpakey "maji&moto2"

Humo msomaji huona jina la kadi limetangulia, jina la mtandao lenye nafasi katikati, na nywila iliyolindwa.

Wako waliolitambua hilo mapema. Ukurasa wa FreeBSD kuhusu kadi za wi ulipanga mifano hatua kwa hatua: kuingia mtandao uliopo, kisha mtandao wenye jina maalumu, kisha wenye ufunguo wa WEP. Waandishi wa NetworkManager wao waliipa amri ya nmcli ukurasa wa pekee wa mifano, nmcli-examples. Mimi napendelea njia ya kwanza, maana aliyekwama hana subira ya kutafuta ukurasa wa pili.

Hoja ya wapinzani kwamba mfano huzeeka ni ya kweli. Udhaifu wa WEP ulidhihirishwa mwaka 2001, na mfano wa WEP ulioachwa ukurasani humfundisha msomaji kufunga mlango kwa uzi. Lakini ufafanuzi nao huzeeka, ila uzee wake hauonekani upesi.

Tafsiri ile nimeirudisha mezani. Kichwa cha Mifano sasa kina mistari mitatu, nacho kimetangulia Maelezo, na yule kijana ameombwa aijaribu upya.