Mti Uliokosekana Edgbaston

Sisi tunaoishi Edgbaston tumezoea kusifiwa mtaa wetu. Sir Richard Gough aliinunua ardhi hii mwaka 1717, na wazawa wake wakakataza viwanda kujengwa hapa. Birmingham ilipokuwa ikifuka moshi, Edgbaston ilibaki kijani, na mwaka 1832 ikafunguliwa bustani ya mimea. Lakini bustani si msitu, na msitu wa zamani wa nchi hii hatuuoni tena.

Chavua iliyohifadhiwa katika matope ya vinamasi inatusimulia. Kabla wakulima wa kwanza hawajafika, miaka 6,000 hivi iliyopita, sehemu kubwa ya nyanda za chini za England ilijaa mti ambao Waingereza huuita lime, ule wa majani madogo. Hauna undugu na ndimu yetu. Gome lake lilitoa kamba, kama wazee wetu walivyosokota gome la mbuyu.

Wakulima walifyeka misitu. Lakini mwaloni nao ulikatwa, mbona ukarudi? Jibu limo katika hali ya hewa. Lime huhitaji kiangazi chenye joto ili mbegu zake zitungwe. Mwaka 1981 Pigott na Huntley walionyesha kwamba kaskazini-magharibi mwa England, baridi ikizidi, mti huu huchanua bila kupata mbegu zinazoota. Basi shoka lilimwondoa mzazi, baridi ikamnyima mtoto. Palipobaki kisiki, mti ulichipua tena, na ndiyo maana tunaukuta kwa wingi Shrawley Wood, Worcestershire, si mbali na kwetu. Paling'olewa shina, haukurudi.

Mwaka 2011 Meelis Pärtel wa Estonia na wenzake waliipa hali hii jina: bioanuwai ya giza, yaani viumbe vinavyofaa mahali, vinavyopatikana jirani, lakini havipo. Utafiti uliotolewa mwaka 2025, katika maeneo karibu 5,500 duniani, ulikuta kwamba pasipo na usumbufu mwingi wa binadamu huota takriban theluthi ya mimea inayofaa. Penye usumbufu mkubwa, ni moja ya tano tu.

Sasa joto linaongezeka na mbegu za lime huenda zikakomaa mara nyingi zaidi. Lakini zitapitaje katikati ya nyumba, mashamba na barabara kuu? Mkosi ulioanza na shoka hauondolewi na jua peke yake.

Kwetu pwani ya Kenya, kaya za Wamijikenda zimebaki misitu kwa sababu wazee walikataza kukata, na mwaka 2008 UNESCO ikazitambua. Tunapoitwa hapa Birmingham kwenda kupanda miti, tusichukue mche wowote tu. Tuulize: ni nani aliyekuwa hapa, naye hana njia ya kurudi? Sisi tuliohama tunalielewa swali hilo.