Nyundo ya Mgeni, Jasho la Mwenye Nyumba

Leo tunaleta historia ya mbali kidogo, ya Marekani. Lakini vumilieni, maana njiani imepita Congo.

Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga pwani ya kusini ya Marekani. Katika jiji la New Orleans, maji ndiyo yaliyoharibu kuliko upepo. Kuta za kuzuia maji zilibomoka, karibu asilimia 80 ya jiji ikafunikwa. Kimbunga hicho kiliua zaidi ya watu 1,300. Waliopona wakatawanyika Houston, Baton Rouge, Atlanta na kwingineko. Hapo sisi hatuhitaji kuelezwa sana: uko ugenini, nyumba iko kwenu, na hujui kimebaki nini.

Nyumba nyingi za kule ni za mbao, na kuta za ndani ni jipsamu. Jipsamu ikishakunywa maji, siku chache tu inaota ukungu. Huwezi kupaka rangi juu yake ukasema umemaliza. Lazima utoe vyote: magodoro, makabati, friji iliyojaa vyakula vilivyooza, kisha ung'oe kuta na misumari mpaka ibaki mifupa ya mbao peke yake. Baadaye unaiacha ikauke, ndipo unaanza kujenga upya.

Kazi hiyo chafu ndiyo waliyoifanya vikundi vya makanisa. Wamethodisti, Wabaptisti, Wamenno, Wakatoliki, walikuja kwa mabasi kutoka majimbo mengine, wakalala chini kwenye kumbi za makanisa, asubuhi wakavaa barakoa na mabuti, wakashika mitaimbo na matoroli. Wengi walikuwa vijana wa umri wetu waliotoa wiki yao ya likizo. Katika miaka ya mwanzo, waliojitolea pwani ile, wa dini na wasio wa dini, walipita milioni moja.

Tena kulikuwa na haraka. Jiji liliweka sheria kwamba nyumba iwe imesafishwa au imefungwa vizuri kabla ya tarehe 29 Agosti 2006, la sivyo inaweza kuchukuliwa au kubomolewa. Sasa fikiria mama mzee yuko Houston, hana pesa ya fundi. Kwake yeye, vijana wale hawakuwa watalii. Bila wao angeweza kupoteza kiwanja chote.

Lakini wiki ikiisha, basi linaondoka. Nyumba iko safi, ila haina umeme, haina mabomba, haina kuta. Kusafisha ni siku chache, kurudi nyumbani ni miaka. Ndiyo maana swali kubwa lilikuwa: mgeni akishaondoka, nani anaendelea?

Hapa ndipo Congo inaingia. Kati ya mashirika yaliyojenga New Orleans baada ya Katrina ni Habitat for Humanity. Waanzilishi wake ni Millard na Linda Fuller, Wakristo wa Marekani. Wazo lao lilianzia kwenye shamba la Koinonia huko Georgia, kwa mhubiri Clarence Jordan: familia isipewe nyumba kama sadaka. Ishiriki kujenga kwa mikono yake, ilipe polepole, bila riba na bila faida. Mwaka 1973 Fuller na mkewe wakaenda Mbandaka, wakati nchi inaitwa Zaire, kufanya kazi na kanisa la huko. Walifyatua matofali ya saruji na kujenga nyumba kwenye uwanja ambao wakoloni waliuacha wazi ili kutenganisha Wazungu na Waafrika. Uwanja huo uliitwa Bokotola, maana yake mtu asiyejali wenzake. Mtaa mpya ukaitwa Losanganya, mahali pa kuunganisha watu. Wanaojua Lingala wamelielewa jina hilo tayari. Mwaka 1976 waliporudi Marekani ndipo wakaanzisha Habitat.

Kumbe basi, wazo lililosaidia kujenga Musicians' Village, mtaa wa nyumba 72 kule New Orleans, lilijaribiwa pia na familia za Mbandaka. Msaada si barabara ya kwenda upande mmoja, jamani.

Na kuna jambo la pili, hili linatugusa zaidi. Mashariki ya New Orleans kuna mtaa unaoitwa Versailles, wa Wavietnamu. Wazee wao wengi walikimbia kaskazini ya Vietnam mwaka 1954, wakakimbia tena kusini mwaka 1975, wakapokelewa Marekani kama wakimbizi. Mwaka 2005 maji yakawafukuza mara ya tatu. Lakini walikuwa kati ya watu wa kwanza kurudi. Oktoba 2005 tayari walikuwa wanasali misa kwenye parokia yao ya Mary Queen of Vietnam. Waliezekeana mapaa nyumba kwa nyumba. Mwaka 2006 jiji lilipofungua jalala la vifusi karibu na mtaa wao, waliandamana, wazee kwa vijana, mpaka likafungwa Agosti mwaka huohuo. Watu wa kujitolea walikuja kwao pia, ila walikuta wenyeji wana mpango wao tayari.

Sisi tunajifunza nini? Kwanza, mkono wa mgeni una kazi yake, na hatuudharau. Pili, mkono huo unafaa zaidi ukifuata mpango wa mwenye nyumba. Yeye ndiye anajua maji yanapita wapi mvua ikinyesha, na chumba cha bibi kikae upande gani.

Ndugu zetu wa mashirika, mkija kutupangia mabanda, mtuite kabla ramani haijachorwa. Tukiitwa siku ya kupokea mabati na kupigwa picha tu, tumechelewa kuitwa. Na sisi vijana, tukiitwa, twende. Kati yetu kuna mafundi wa tofali, wa mbao na wa kuezeka, na mpango wetu tunaweza kuuandika wenyewe hata kabla ya gari la shirika kufika.