Masharti ya Tuzo na Historia ya Vyombo Binafsi vya Anga

Katika historia ya teknolojia ya anga, tuzo inayotangazwa hadharani hutofautiana na zabuni ya serikali kwa jambo moja kubwa: mtoaji hulipia matokeo pekee, wala hamwelekezi mshindani njia ya kuyafikia. Utaratibu huo ulianza kwenye ndege kabla ya kufika kwenye roketi. Mwaka 1919 Raymond Orteig, mwenye hoteli mjini New York aliyezaliwa Ufaransa, aliahidi dola 25,000 kwa atakayeruka kati ya New York na Paris bila kutua, na mwaka 1927 Charles Lindbergh akazitwaa baada ya kukaa hewani kwa zaidi ya saa 33.

Kitabu alichoandika Lindbergh kuhusu safari hiyo ndicho kilichomwamsha Peter Diamandis, ambaye Mei 1996, mjini St. Louis, alitangaza Tuzo ya X ya dola milioni 10, iliyokuja kuongezewa jina la familia ya Ansari iliyoifadhili. Siku ya kutangazwa fedha hizo hazikuwapo. Hatimaye zilipatikana kwa mkataba wa bima: waandalizi walilipa ada, na mwenye bima akabeba jukumu la kumlipa mshindi iwapo angepatikana kabla ya mwaka 2004 kwisha.

Uzito wa tuzo hiyo ulikuwa katika masharti yake. Chombo kilitakiwa kijengwe bila fedha za serikali, kiwe na nafasi ya watu 3, kipande hadi kilomita 100, kimo kinachohesabiwa kuwa mpaka wa anga za juu, kisha kirudie safari hiyo ndani ya wiki 2. Sharti hili la mwisho ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kwa kuwa liliifungia mlango roketi inayotumika mara moja na kutupwa. Kati ya timu 26 zilizojiandikisha, iliyoshinda ni ya Burt Rutan wa Mojave, California, ambaye chombo chake, SpaceShipOne, kilibebwa na ndege hadi kilomita 14 hivi ndipo kikawasha injini iliyounguza mpira kwa gesi ya oksidi ya nitrasi. Wakati wa kushuka, sehemu ya nyuma ya mabawa ilikunjwa kwenda juu, hivyo hewa yenyewe ikakishika chombo na kukipunguzia kasi kabla hakijapata joto la hatari. Mike Melvill alikirusha tarehe 29 Septemba 2004 na Brian Binnie tarehe 4 Oktoba, akifika kilomita 112. Paul Allen, aliyegharimia kazi hiyo, alikuwa ametumia zaidi ya dola milioni 20, yaani maradufu ya tuzo yenyewe.

NASA nayo ilianzisha mashindano yake, na mwaka 2007 Peter Homer wa Maine alijipatia dola 200,000 kwa glavu za mwanaanga alizozishona nyumbani kwake, juu ya meza ya chakula. Kazi hiyo si ndogo, kwani glavu iliyojaa hewa hukakamaa penye ombwe, na kila kidole kinapokunjwa hushindana na shinikizo lililo ndani.

Tuzo ya Google ya kufika mwezini, iliyotangazwa mwaka 2007, ilifikia ukomo Machi 2018 bila mshindi, kwa kuwa safari hiyo ilidai mitaji ambayo wengi wa washindani hawakuweza kuikusanya kwa wakati. Hata hivyo timu moja kati ya washindani hao, SpaceIL ya Israeli, haikuacha kazi, na Aprili 2019 chombo chake, Beresheet, kiliufikia mwezi kikapondeka katika kutua. Waandalizi waliitunuku timu hiyo dola milioni 1.