Taa nyekundu kwa ruta yako ina historia ya zaidi ya miaka 160

Faiba ikipotea mtaani, kuna aina mbili za watu. Wa kwanza anazima ruta, anangoja kidogo, anaiwasha. Huyo hana shida. Wa pili anatafuta pini, anaidunga kwa kale kashimo kadogo nyuma ya ruta na kushikilia sekunde kumi mpaka taa zote zizime. Leo nataka kuongea na huyo wa pili. Si kwa ubaya, ni vile tu kuna mwenzake alifanya kitu kama hicho mwaka 1858 na akaunguza waya uliovuka bahari nzima.

Aliitwa Wildman Whitehouse. Alikuwa daktari wa upasuaji kule Brighton, Uingereza, akajifunza umeme mwenyewe hadi akapewa kazi ya kusimamia umeme kwa kampuni iliyokuwa inalaza kebo ya kwanza ya telegrafu kuvuka Atlantiki, kutoka Ireland hadi Newfoundland. (Msee kujifundisha kazi mwenyewe sioni kama ni kosa, mimi pia chuo niliachia njiani na hii fizikia yote nimeisoma kwa simu.) Kebo ikakamilika Agosti 1858. Malkia Victoria akamtumia Rais Buchanan wa Marekani salamu za maneno 98. Zilichukua kama saa 16 kufika. Leo unalia WhatsApp ikikuonyesha tiki moja kwa dakika mbili.

Mawimbi yalikuwa yanafika yakiwa dhaifu sana. Hapo wataalamu wawili wakatofautiana. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alisema tutengeneze kifaa chenye macho makali zaidi upande wa kupokea. Akaunda kipimo chenye kioo kidogo sana kinachogeuka mkondo mdogo wa umeme ukipita, na kurusha doa la mwanga ukutani ili jicho lione. Whitehouse alisema tuongeze nguvu upande wa kutuma. Akasukuma karibu volti 2,000 kwa waya ambao tayari ulikuwa na udhaifu. Wiki chache baadaye kebo ilikuwa imekufa kabisa. Yeye akafutwa, na kebo ya kudumu ikapatikana mwaka 1866.

Sasa rudi kwa ile pini yako. Kashimo kale hakaondoi shida. Kanafuta kila kitu ambacho kampuni iliweka ndani ya ruta: jina la akaunti, neno la siri, namna ya kuongea na mtambo wao. Kama waya ulikuwa umekatwa na tingatinga huko barabarani, baada ya pini una shida mbili: waya umekatwa, na hata ukiungwa, ruta yako haijui tena inaitwa nani. Unangoja fundi aje nyumbani wakati majirani wote wameshaanza kutazama mpira.

Thomson alikuwa anauliza swali moja tu: hiki kitu kinapokea nini saa hii? Swali hilo lina majibu kwa kile kisanduku cha faiba ukutani kwako. Angalia taa. Kuna moja imeandikwa PON, nyingine LOS. PON ikiwa kijani na imetulia, kisanduku chako kinaongea na mtambo wa kampuni. LOS ikiwaka nyekundu, maana yake hakuna mwanga unaoingia, au ni kidogo mno. Sizungumzii intaneti hapa, nazungumzia mwanga wenyewe. Na LOS ikiwa nyekundu, hakuna kitu utabadilisha kwa mipangilio ya Wi-Fi kitakachosaidia. Huwezi kurekebisha bomba lililopasuka barabarani kwa kufungua na kufunga mfereji wa jikoni.

Kuna mambo machache tu unaweza kufanya ukiwa nyumbani. Angalia kama ule waya mwembamba umekunjwa nyuma ya kochi. Kioo kilicho ndani kina upana wa maikromita 125, karibu sawa na unywele mnene, na njia yenyewe ya mwanga katikati yake ni kama maikromita 9. Ukiukunja sana, mwanga unatoka pembeni na kupotea. Halafu angalia kile kichwa cha kijani kama kimekaa vizuri. Usikichomoe kukipuliza kwa mdomo, mate na vumbi kwa njia ya maikromita 9 ni kama kumwaga mchanga barabarani. Na usiangalie ndani ya waya kuona kama mwanga upo. Mwanga unaokuja kwako ni wa nanomita 1490, macho ya binadamu hayauoni, lakini hiyo haimaanishi ni salama kuuchungulia.

Nchi yetu imekuwa kwa hii mchezo wa kutafuta waya umekatika wapi kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1879 Waingereza walipitisha kebo ya telegrafu kutoka Aden hadi Zanzibar na kwenda mpaka Durban. Mombasa ikaunganishwa kutoka Zanzibar mwaka 1890. Wakati ule kebo ikikatika, fundi alikaa nchi kavu na kupima ukinzani wa waya. Kama kila kilomita ina ukinzani unaojulikana, basi kipimo chako kinakuambia kilomita ngapi ziko kati yako na mahali palipoharibika. Meli inatumwa pale, inavua kebo kwa ndoano, wanaunga. Yaani kabla reli ifike Nairobi, tayari kulikuwa na msee Mombasa aliyeweza kutegemea hesabu ya shule kusema shida iko baharini umbali fulani.

Baadaye tukaangalia juu. Mwaka 1970 kituo cha Longonot kilifunguliwa pale Bonde la Ufa, na simu za kimataifa zikaanza kupita kwa sateliti. Intaneti ilipofika miaka ya tisini, ilipanda njia hiyo hiyo. Sateliti hizo zinakaa karibu kilomita 36,000 juu, kwa hivyo kila ujumbe na jibu lake vilichukua zaidi ya nusu sekunde, na megabiti moja kwa mwezi ilikuwa maelfu ya dola. Wazazi wetu hawakuwa wanachukia intaneti. Ilikuwa ghali tu.

Kitu cha kushangaza zaidi cha enzi hiyo: ukimtumia barua pepe mtu wa Westlands ukiwa tauni, na mnatumia kampuni tofauti, ujumbe ulipanda angani, ukaenda ng'ambo, ukarudi. Mwaka 2000 kampuni za intaneti ziliungana kufungua KIXP, mahali pa kubadilishana data hapa Nairobi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake kwa njia za kimataifa, ikalalamika, na mdhibiti akaifunga ndani ya wiki chache. Ilifunguliwa tena Februari 2002. Kumbuka hii KIXP, itatusaidia chini.

Faiba yenyewe ilichelewa kwa sababu ya kioo. Kioo cha kawaida kinakula mwanga. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham waliandika kwamba tatizo ni uchafu ndani ya kioo, si kioo chenyewe, na kwamba kikisafishwa mpaka kipoteze chini ya desibeli 20 kwa kilomita, simu zinaweza kupita humo. Desibeli 20 ni kubaki na asilimia 1 ya mwanga. Mwaka 1970 watu wa Corning kule Marekani wakapita hapo. Leo faiba nzuri inapoteza kama desibeli 0.2 kwa kilomita, maana yake hiyo asilimia 1 inabaki baada ya kilomita 100 badala ya moja.

Kao alipewa Nobel ya fizikia mwaka 2009. Mwaka huo huo, Julai, kebo ya Seacom ilianza kufanya kazi Mombasa, na TEAMS ya kutoka Fujairah ilikuwa imefika pwani mwezi mmodi kabla. EASSy ikafuata 2010. Sisi wa miaka ishirini na kitu ni watoto wa hizo kebo, kusema ukweli. Kazi ya transkripsheni, kuedit video ya mteja wa Canada, TikTok laivu usiku kucha, vyote vinapita kwa kioo kilichosafishwa.

Na kioo kinakatika. Februari 2012 meli iliyokuwa inangoja nje ya bandari ya Mombasa iliburuta nanga na kukata TEAMS, wakati kebo nyingine zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu siku chache kabla. Tarehe 12 Mei 2024 Seacom na EASSy zilikatika pamoja upande wa kusini, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Ukarabati uliingia mpaka mwisho wa mwezi. Duniani kote huwa kuna hitilafu kati ya 150 na 200 za kebo za baharini kila mwaka, nyingi zikiletwa na nanga na nyavu za uvuvi.

Halafu ikaja 25 Juni 2024. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina nia ya kuzima intaneti. Mchana wa tarehe hiyo, tukiwa barabarani na wengine wakiwa wameingia Bunge, mtandao ukashuka vibaya. NetBlocks wakaripoti. Safaricom na Airtel wakasema ni kebo za baharini. Watu wengi hawakuamini, na mpaka leo hawaamini.

Hapa ndipo nataka mtu asome taa zake badala ya kusoma maoni peke yake. Waya ukikatika mtaani kwako, LOS ni nyekundu na jirani wa kampuni nyingine yuko sawa. Kebo ya baharini ikikatika, taa zako zote ni kijani, mwanga unaingia vizuri kabisa, na tovuti ambazo seva zake ziko Kenya zinafunguka kawaida kwa sababu data inageukia KIXP bila kugusa bahari. Za ng'ambo ndizo zinatambaa. Mtandao ukizimwa kwa amri, kama Uganda Januari 2021 wakati wa uchaguzi, taa pia ziko kijani, lakini kila kitu kinakufa bila kujali seva iko wapi. Wakifunga programu moja tu, kama Telegram hapa kwetu msimu wa KCSE, hiyo moja inakataa na zingine zinaendelea.

Mtu mmoja mwenye simu hawezi kuthibitisha kilichotokea 25 Juni. Kurudi haraka kwa mtandao pia si ushahidi, kwa sababu kampuni inaweza kuhamisha wateja kwa kebo nyingine kwa saa chache bila meli kugusa maji. Lakini watu elfu moja walioandika saa, taa gani ilikuwa inawaka, tovuti ipi ya hapa ilifunguka na ipi ya nje ilikataa, hao ni kitu kingine. Siku ile karibu sisi wote tulichokuwa nacho ni skrinshoti za duara linalozunguka. Huwezi kwenda kortini na duara.

Kwa hivyo leo, ukiwa na mtandao mzuri, fungua kivinjari na uingie kwa ukurasa wa ruta. Anwani na neno la siri ziko kwa stika chini yake. Tafuta mahali pameandikwa nguvu ya mwanga unaopokelewa, namba huwa hasi, inaishia na dBm. Ikiwa kati ya -8 na -27 uko ndani ya mipaka ya mifumo mingi ya nyumbani. Andika yako. Sema ni -19. Siku mambo yakiharibika, rudi pale. Ukipata -29, mwanga umepungua mara kumi, na hiyo ni waya uliokunjwa au kiungo kibovu, haijalishi mtu wa huduma kwa wateja anakuambia uzime na uwashe mara ngapi. Ukipata -19 ile ile, waya wako uko sawa na shida iko mbali na nyumba yako.

Mimi mwaka huu kampuni moja iliniambia kwa siku tatu kwamba shida ni ruta yangu, nikalipishwa hadi siku hizo. Siku ya nne nikawatumia picha ya namba, ya leo na ya mwezi uliopita, pamoja na namba za nyumba nne za hii plot zenye LOS nyekundu. Fundi alifika saa nane mchana na kile kifaa kinachotuma mdundo wa mwanga na kupima unaorudi baada ya muda gani. Kikamwambia mita 340. Tukatembea pamoja mpaka nguzo iliyo karibu na kibanda cha chapati, ambapo lori la mchanga lilikuwa limevuta waya. Akakata ncha mbili, akazisafisha kwa spiriti, akaziyeyusha pamoja. Dakika chache tu. Nikamuuliza kwa nini hawakuja siku ya kwanza. Akasema kwa tiketi yao ilikuwa imeandikwa "mteja hana Wi-Fi".